Nani Atatia Mafuta Kwenye Probox

Kazi yangu ni udereva. Nimeendesha matatu ya Kongowea, nikaendesha tuktuk, na sasa niko na Probox nyeupe ya shirika dogo la hospisi hapa Mombasa, yaani linalowahudumia majumbani wagonjwa wa maradhi mazito. Wengi wana saratani, wengine figo, wengine kiharusi kimewalaza upande mmoja. Jina la shirika silitaji, maana haya ni maneno yangu mimi, si yao.

Mtu akisikia hospisi hudhani ni nyumba ya kwenda kufia. Wenzetu wengine kweli wana jengo na vitanda, kama St Christopher's aliyoifungua Cicely Saunders kule London mwaka 1967. Huku kwetu hospisi kwa sehemu kubwa ni gari, sista na mkoba wake. Daktari Anne Merriman, aliyepitia Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, alipokwenda kufungua Hospice Africa Uganda mwaka 1993 alianza na pesa za kutosha miezi mitatu tu na Land Rover iliyokwishatumika. Wakubwa wakisimulia habari hiyo husifu ujasiri wake. Mimi nikiisikia nauliza: na petroli?

Mkoba wa sista naujua kama dashibodi yangu. Glavu, shashi, mipira ya mkojo, sirinji zisizo na sindano za kupimia dawa ya maji. Pia vidonge vya metronidazole, na hivi nataka niwaeleze. Kidonda cha saratani ya titi kikipasuka hutoa harufu inayomfanya mgonjwa mwenyewe ajifungie chumbani, hataki hata wajukuu wamsogelee. Sista huvisaga vile vidonge, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda, akafunga. Siku chache tu harufu inapungua, na majirani wanarudi kukaa mkekani. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo, iko kila duka la dawa.

Halafu kuna chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Ni unga uliochanganywa na maji, mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa 4, na cha kulalia huwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Huenda pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Uganda tangu 2004 wamewaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika wenyewe bila kumngoja daktari, na naona walifikiri vizuri. Daktari wa kumfuata mgonjwa mpaka ndani ya Kisauni utamtoa wapi?

Mama mmoja wa Mishomoroni alinivuta kando nikiwa nageuza gari. "Mwanangu, hii si ndiyo ile ya kumlaza mtu asiamke?" Nikamwita sista, mimi si mtu wa dawa. Sista akamwambia, "Mama, mzee wako ana wiki hajalala kwa maumivu. Mpe kama nilivyokuonyesha, kesho nipigie." Kesho yake simu ikaja: mzee ameitisha mahamri na mbaazi, na anagomba kwamba mbaazi hazina nazi ya kutosha.

Gari letu halina maandishi. Lilikuwa na stika kubwa mlangoni tukaibandua, kwa sababu kuna familia zilikuwa zinatuomba tuegeshe mtaa wa pili wasije wakaulizwa nani anaumwa nini. Likoni nako kuna shughuli yake. Mwenda kwa miguu hupanda feri bure, gari hulipa na kupanga foleni. Sisi si ambulensi, king'ora hatuna, kwa hiyo sista huketi na mkoba mapajani akihesabu saa za dozi ya mtu wa ng'ambo.

Sasa lile linaloniudhi. Kampuni zikija kutoa msaada huja na bango, fulana, mpiga picha na kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe ni kile cha hospitalini, cha magurudumu madogo mbele. Kipeleke kwenye mchanga uone kama hakitazama! Watu wa APDK, chama cha kuwasaidia watu wenye ulemavu Kenya, walio kwenye kazi hiyo tangu 1958 na wenye karakana ya Bombolulu hapa hapa Mombasa tangu 1969, watakwambia kiti hupimwa kwa mwili wa mtu na njia anayopita. Lakini bango la kusema "Tumechangia petroli lita arobaini" sijaliona bado.

Na petroli ndiyo inayoamua. Tangi likijaa asubuhi tunapiga Kisauni, Bamburi, mpaka Mtwapa. Likiwa robo, sista hukaa na orodha na kalamu kuchagua nani wa leo na nani atavumilia hadi Alhamisi. Mimi hutoka nje kipindi hicho, najifanya napangusa vioo.

Kuna chama cha kina mama wa Majengo ambao kila mwisho wa mwezi hupita kituo cha mafuta, wanalipa, risiti wanampa mhasibu wetu, basi. Ofisini hawaingii. Ukiweza fanya kama wao na shirika lililo karibu nawe. Ukishindwa, nunua nepi za watu wazima, saizi kubwa. Hizo ndizo huisha kwanza.