Wanga wa Usiku

Sikukuu za mwisho wa mwaka zilinikuta nikiwa wiki ya sita bila wali, mkate, viazi wala sukari. Kilo tano zilikuwa zimekwenda. Mkanda nilishautoboa tundu jipya kwa msumari, na ile jeuri ya mtu aliyepungua ilikuwa imeniingia: nikimwona mtu anakula keki, namtazama kwa huruma.

Tulikusanyika kwa mama, watu kumi na saba. Nilijipanga. Kabla ya kutoka kwangu nilikula mayai matatu, maana ukifika na njaa kwenye meza ya sikukuu umekwisha. Kikomo changu kilikuwa gramu 50 za wanga kwa siku. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45, kwa hiyo nikionja tu vizuri, siku nzima imeliwa.

Nikapakua nyama, mboga za majani na kipande cha parachichi. Shangazi akaiona sahani yangu hata sijaketi.

"Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Nimeacha wanga."

Akaweka kijiko chini. "Eh! Kumbe miaka yote ulikuwa unatembea nao?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo, kila bakuli lililopita mbele yangu lilisindikizwa na sauti ya mtu: "Msimpe huyo, ameokoka." Binamu mmoja akadai haya ni mambo ya juzi tu, ya watu wa mitandaoni. Nikamwambia habari za William Banting, aliyekuwa akifanya kazi ya kuandaa mazishi London, na mwaka 1863 akachapisha kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi.

"Kazi yake mazishi?" shangazi akauliza.

"Ndiyo."

"Basi alijua anakimbia nini."

Kicheko tena. Mama hakucheka, na utani wote ule haukuniuma kama hilo. Alipita na bakuli la wali mara mbili. Mara ya pili akasimama nyuma ya kiti changu, mvuke ukanipiga shingoni. "Kidogo tu, mwanangu. Nimeupika kwa mkono wangu." Nikasema nimeshiba. Akarudisha kifuniko, kikakaa upande, na yeye asiyeweza kuacha kitu kimekaa upande hakukirekebisha.

Mchana nikaushinda, keki nayo nikaishinda. Kilichoniangusha ni kiporo.

Tulilala palepale. Saa kumi alfajiri nikaenda jikoni kunywa maji, au ndivyo nilivyojiambia. Nikafungua friji. Lile bakuli lilikuwa rafu ya kati, wali umeshikana, pembeni umekauka kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hugeuka kuwa ngumu kumeng'enywa. Ni kweli, ila sehemu yenyewe ni ndogo. Saa ile mimi niliipokea kama hati ya msamaha. Kijiko cha kwanza nilikula nimesimama, mlango wa friji wazi, miguu inapata baridi. Kufikia cha tano nilikuwa nimeketi sakafuni, bakuli mapajani.

Taa ikawaka. Shangazi huyo mlangoni, kitambaa kichwani. Akanitazama, akalitazama bakuli.

"Ndiyo saa zenu hizi," akasema.

Akavuta droo, akachukua kijiko, akajishusha sakafuni huku akishika goti. "Sogeza."

Niliporudi kwangu, mizani ikasoma kilo moja na nusu zaidi. Nilikaribia kulia. Halafu nikapiga hesabu: kunenepa kilo moja na nusu ya mafuta kunataka ziada ya kilokalori zaidi ya 11,000, na bakuli lile tulikula wawili. Yalikuwa maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu yake hushika kama gramu tatu za maji. Kumbe hata zile kilo za wiki ya kwanza, nilizotangazia ukoo mzima, nyingi zilikuwa maji hayohayo yakitoka. Hilo sikulitangaza. Nikarudi kwenye mayai na mboga, na siku ya nne mizani ikashuka mahali pake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile bado tuko mezani, mama akafungua friji, akatoa bakuli, akaligeuza chini juu.

"Nani kamaliza wali?"

Nikainama kwenye kikombe changu cha chai isiyo na sukari. Shangazi hakuinua hata uso.

"Wanga," akasema.

Mama akanigeukia mimi, si yeye, akacheka mpaka akaketi.