Jinsi nilivyofutiwa adhabu ya sekunde 5 kwenye ligi ya mbio za mtandaoni

Niliongezewa sekunde 5 kwa kumgonga aliye mbele kwenye breki za kona ya kwanza, mzunguko wa 14. Kwenye skrini yangu magari hayakugusana kabisa.

Video ya kamera ya ndani ilikataliwa kwa sababu haionyeshi pengo kati ya magari. Maelezo marefu nayo hayakusaidia. Majaji hawana muda wa kusoma insha.

Kilichosaidia ni kumwomba dereva niliyedaiwa kumgonga faili la marudio (rekodi ya mbio inayohifadhiwa na mchezo) kutoka kompyuta yake. Kila kompyuta huonyesha gari la mwenyewe lilipo hasa, lakini magari ya wengine huyakisia kutokana na data iliyochelewa njiani. Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa, milisekunde 100 ni karibu mita 7, kwa hiyo mgongano unaweza kuonekana upande mmoja tu.

Niliweka marudio yote mawili sambamba, kamera ya juu, nikayalinganisha kwa saa ya mbio. Ukitumia saa ya video yatapishana, na hoja yote inaporomoka. Chini yake nikabandika mchoro wa nilipokanyaga breki: mzunguko wa 14 juu ya wa 13. Breki ilikanyagwa palepale.

Barua yenyewe ya rufaa ilikuwa mistari minne: mbio, mzunguko, kona, kifungu cha kanuni. Adhabu ikafutwa.

Hifadhi marudio kabla ya kutoka kwenye seva, maana baadhi ya programu huyafuta ukiingia mbio nyingine.