Msimu wa Maembe Nyumbani Kwetu

Msimu wa maembe umefika tena, na kwetu hakuna anayeruhusiwa kula embe la kwanza peke yake. Yeyote atakayelipata hulileta mezani, hata kama ni dogo kiasi cha kila mtu kuambulia kipande kimoja tu, na baba ndiye anayelikata, kwa kuwa anadai (nasi tumechoka kubishana naye) kwamba sisi wengine tunaacha nyama nyingi mno kwenye kokwa.

Yale ambayo hayajaiva, mama huyafunika ndani ya boksi pamoja na ndizi mbivu. Desturi hiyo aliirithi kwa bibi, na kazi yake ni ya kweli: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva, nayo ikibanwa mahali padogo hufanya kazi upesi zaidi. Kila asubuhi huyabonyeza taratibu na kuyanusa karibu na kikonyo, kwani rangi ya ganda hudanganya. Yapo maembe yanayobaki ya kijani hata yakiwa matamu kabisa.

Kokwa, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye utamu wote, humwendea mtoto mdogo kuliko wote, naye hulifyonza hadi nyuzi zibaki nyeupe huku maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko, wakati sisi wakubwa tunajifanya hatulitamani. Mpwa wangu ameanza kuota meno, kwa hiyo binti yangu ameshaambiwa kwamba zamu yake inakaribia kwisha, na habari hiyo hajaipokea vizuri hata kidogo.