Shamba la kichanga mwinukoni

Watu wakisikia shamba langu liko mwinukoni na udongo wake ni kichanga, wananipa pole. Pole ya nini? Juzi mvua kubwa imenyesha usiku, asubuhi nimeingia na jembe bila kubeba tope miguuni. Wenye mfinyanzi kule bondeni bado wanasubiri pakauke.

Kichanga changu ukikilowesha kiganjani na kujaribu kukiviringisha, hakiviringiki. Kinavunjika na kuacha punje zinazokwaruza vidole. Punje ya mchanga ina kipenyo cha milimita 0.05 hadi 2, ya mfinyanzi haifiki hata 0.002. Ndiyo maana maji hupita upesi, na naitrojeni, kirutubisho cha mimea kilichomo kwenye mbolea, huondoka nayo. Mbolea ya kukuzia naigawa kwa awamu. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, mvua kubwa inaishusha chini ya mizizi. Samadi iliyooza na matandazo ndiyo roho ya shamba hili.

Karanga sasa! Ua likishachavushwa, kikonyo huinama na kujichimbia ardhini chenyewe, na kwenye kichanga kinaingia bila shida. Kuvuna ni kung'oa tu, zinatoka safi. Mihogo na viazi vitamu navyo hunenepa. Mahindi napanda machache, maana jua likikaza kidogo yananyauka (mpunga msiniulize kabisa).

Kinachonisumbua kweli ni minyoo fundo, wale wadogo sana wa udongoni wanaotia vinundu mizizi ya mimea kama nyanya. Wanaupenda mno udongo wa aina hii, kwa hiyo nyanya sirudishi sehemu ileile msimu unaofuata.