Mradi wa siku za mvua: kumbukumbu za kuuamsha mwili taratibu

Mradi wenyewe ni mdogo. Natafuta utaratibu wa kujitunza utakaonifaa siku ambazo mvua imeamua kushinda palepale, mwili mzito, kichwa kama kimejaa ukungu, na kila kazi inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Nimejiwekea sharti moja: jambo lolote ninaloliingiza lazima liwezekane hata asubuhi ambayo sina nguvu kabisa. Lisilowezekana asubuhi hiyo linatoka, hata liwe zuri namna gani.

Kwanza, mwanga

Nimeanzia hapa kwa sababu ndipo penye maelezo ya wazi zaidi. Kwenye retina, nyuma ya jicho, kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha picha. Zinapima mwanga na kupeleka habari kwenye sehemu ndogo sana ya ubongo inayoendesha saa ya mwili, ile inayopanga muda wa kulala na wa kuamka. Kwa watu wengi mzunguko wa saa hiyo unazidi kidogo saa 24, kwa hiyo kila asubuhi inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha kuliko vyote ni mwanga. Giza likiingia mwili hutoa melatonini, homoni inayoutangazia kuwa ni usiku. Mwanga mkali huizuia. Sasa fikiria asubuhi ya mawingu mazito, mapazia yamefungwa, na wewe uko ndani: habari kwamba kumekucha inaufikia mwili ikiwa hafifu. Anayeamka mzito siku kama hiyo si mvivu, na ninaliandika hili mapema kwa sababu wengi wetu tunaanza siku ya mvua kwa kujilaumu.

Nikapakua programu ya simu inayopima mwanga kwa luksi, kizio cha ukali wa mwanga unaofika mahali. Vipimo vya simu si sahihi sana, ila vinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Mvua ilikuwa inanyesha na taa imewashwa. Kwenye kiti ninachokipenda, kilichoegemea ukuta wa ndani, namba ilicheza karibu na 80. Mezani, katikati ya chumba, 150. Hatua moja kutoka dirishani, pazia limefunguliwa lote na simu nimeishika usawa wa uso, ikapanda hadi karibu 900. Nikatoka nje, nikasimama chini ya paa huku matone yakianguka mbele yangu: zaidi ya 4,000.

Nilirudia mara kadhaa kwa kuwa sikuamini. Macho yetu hujirekebisha haraka mno, ndiyo maana tofauti hii hatuioni. Chini ya jua kali la mchana mwanga unaweza kufika luksi 100,000, na bado tunaona vizuri. Ndani ya chumba chenye 150 tunaona vizuri pia. Kwa macho, siku ya mvua nje ni "giza". Kwa saa ya mwili, giza hilo la nje lina mwanga mwingi mno kuliko sebule yenye taa.

Tangu hapo kiti kimehamia dirishani, na asubuhi natoka nasimama chini ya paa na kikombe cha kitu cha moto mkononi. Sifanyi kingine chochote pale. Simu naiacha ndani. Hili ndilo jambo pekee katika mradi mzima ambalo siliruki, na ninaliona ndiyo nguzo ya mengine yote.

Zipo pia taa maalumu za tiba ya mwanga, ambazo kwa kawaida hutumiwa kwa luksi 10,000, kama nusu saa asubuhi. Zilipata umaarufu baada ya Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani kueleza, mwaka 1984, aina ya sonona inayorudi kwa msimu. Hali hiyo huhusishwa zaidi na majira ya baridi yenye mchana mfupi, kwa hiyo sitaki kuichanganya na uzito wa siku chache za mvua. Mimi sijaona haja ya taa hiyo. Anayeifikiria, hasa mwenye ugonjwa wa macho au tatizo la hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aongee na daktari kwanza.

Hewa

Fupi: mvua inatufanya tufunge madirisha yote, kisha tunakaa humo humo tukivuta hewa tuliyokwisha kuitoa. Nje, hewa ya ukaa ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Chumba cha kulala kilichofungwa usiku kucha huvuka 1,000 bila shida. Naacha upenyo mdogo upande usiopigwa na mvua. Kichwa hakiumi tena asubuhi kama zamani.

Kusogea bila kujilazimisha

Hapa nilitumia muda mwingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mvua inakula sehemu kubwa ya hizo kimyakimya: kule kutembea ambako siku nyingine tunakufanya bila kufikiri kunatoweka. Ila kumwambia mtu mwenye mwili mzito aruke kamba ni kumfukuza. Kinachokubalika kwangu kinaanzia kitandani, kabla blanketi halijaondoka.

Nakunja na kunyoosha vifundo vya miguu hadi mashavu ya miguu yavutike. Navuta goti moja kifuani, naliacha, navuta la pili. Nageukia ubavu, nanyanyuka kwa kusukuma na mkono, nakaa ukingoni mwa kitanda. Hapo nazungusha mabega kwenda nyuma, polepole, hadi nisikie shingo imelegea. Ndipo nasimama. Yote hayo ni dakika chache, na mara nyingi mwili wenyewe unaomba kuendelea. Usipoomba, naishia hapo na siongezi neno.

Mchana naongea na simu nikiwa natembea kutoka mlango hadi dirisha. Mvua ikikatika kidogo natoka na mwavuli, hata kama ni mwendo mfupi tu. Nikirudi nimelowa, nguo na soksi zinabadilishwa papo hapo kabla sijagusa kitu kingine, kwa sababu unyevu mguuni unanyonya joto na hamu ya kazi inaondoka nalo.

Jioni

Nilidhani utaratibu wangu ungekuwa wa asubuhi tu, lakini uzito wa kesho unapikwa usiku wa leo. Kuoga maji ya moto, ya nyuzi kama 40 hadi 42, saa moja au mbili kabla ya kulala kumenifaa kuliko nilivyotegemea. Maelezo yake yananipendeza: joto la maji huvuta damu kwenye ngozi ya viganja na nyayo, kisha mwili unapoteza joto kupitia hapo, na joto la ndani linashuka. Kushuka huko ni sehemu ya maandalizi ya usingizi. Yaani maji ya moto yanausaidia mwili kupoa.

Baada ya kuoga nazima taa kubwa na kubaki na ndogo. Ikiwa asubuhi nautafuta mwanga, sina sababu ya kuumimina machoni usiku.

Kahawa naikomesha saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua hadi nusu mwilini, na siku za mvua kishawishi cha kikombe kingine jioni ni kikubwa. Maji nayo nayaweka mezani palipo wazi, maana kwenye baridi kiu hupungua ilhali mwili bado unayahitaji. Usingizi wa mchana nauruhusu, kengele ikiwa imewekwa dakika 20. Ukizidi sana napata kuamka mzito kuliko nilivyolala.

Nilivyoviacha

Kuoga maji ya baridi alfajiri, ratiba ndefu ya kuandika hisia, orodha ya malengo ya siku. Vinawafaa wengine na sina ugomvi navyo. Kwenye mwili uliochoka tayari, kwangu vilikuwa amri, na mradi huu niliuanzisha kwa ajili ya upole.

Jambo moja naliweka hapa kwa herufi za moyo. Uzito unaofuata mvua unapaswa kwenda na mvua. Ukikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata jua likitoka, ukaondoka na hamu ya vitu unavyovipenda, ukavuruga usingizi na kula, au mawazo ya kujidhuru yakaja, hilo si la kiti cha dirishani. Muone daktari. Hata uchovu usio na huzuni unaweza kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na vyote hivyo hupimwa.

Ulipofikia mradi

Mwanga wa asubuhi, upenyo wa dirisha, mazoezi ya kitandani na maji ya moto ya jioni vimeshika. Kinachonisumbua bado ni ile saa ya alasiri, kati ya saa tisa na kumi na moja, mawingu yanapozidi kushuka. Ninachojaribu sasa ni kutoka tena nje chini ya paa saa tisa kamili, na kazi nyepesi zaidi za siku nimezihamishia hapo: kukunja nguo, kujibu ujumbe, kupanga meza. Nitaandika tena mvua zikishika kasi.