Mfumo upo, ila bila kujuana unasota

Nimetoka sasa hivi kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, maombi nilituma mtandaoni, control namba nikalipia kwa simu fresh tu, ila tangu hapo mfumo unaniandikia "inashughulikiwa".

Nipo kwenye benchi akaingia mzee mmoja, akamsalimia dada wa dirishani kwa kilugha chao, wakacheka, wakaulizana habari za nyumbani.

"Nitajie namba yako ya maombi."
Akabofya mara mbili. Printa ikaanza kulia.

Namba yangu nimeiandika kwenye kikaratasi mpaka kimeloa jasho mkononi, hakuna aliyeiuliza 😔

Kusalimiana kwa kilugha sina tatizo nako, hata mimi nakipenda cha kwetu. Ila anayebofya akichagua wa kwao, sisi tusio na mtu ndani tunafanyaje?

Huko kwenu ikoje jamani?