Sailensa ya kelele kwenye Boxer yangu, na namna ninavyoituliza

Pikipiki yangu ni Boxer ya cc 150. Niliinunua mtumba hapa Tanga kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa anahamia kwenye bajaji. Injini nzima, cheni nzima, kadi ipo. Kitu kimoja tu hakikuwa chake: ekzosi. Ile ya kiwandani ilikatwa chini ya injini, pakachomelewa kipande cha bomba, kisha ikafungwa sailensa fupi ya kubandika yenye mdomo wa milimita 51, ile inayokazwa kwa klempu moja na kushikiliwa kwa mkanda wa bati. Ukiipiga kiki alfajiri, mtaa mzima unajua umeamka.

Wanaonifahamu wanajua kwa nini nisingeweza kuiacha hivyo. Mimi ni mkunga, na madirisha ya wodi yetu yanatazama barabarani. Ukimsikiliza mtoto aliye tumboni kwa fetoskopu, ile pembe ndogo, sikio lako liko kwenye pembe, macho yako kwenye saa, na vidole viko kwenye kifundo cha mkono wa mama usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Unahesabu dakika nzima. Kawaida yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160. Sasa umefika sekunde ya arobaini, inapita pikipiki yenye bomba wazi. Hesabu imepotea. Unaanza upya, na yule mama anakukazia macho akitaka kujua mbona umerudia, mtoto ana nini. Hana kitu mtoto, ila huwezi kumwambia hivyo mpaka umalize kuhesabu. Mimi nije zamu ya usiku na chombo cha namna hiyo? Haiwezekani.

Fundi wangu, kijana msikivu sana, aliponiona nataka kuigusa akanionya mapema. "Sista, ukiizima kelele umeizima na nguvu." Maneno hayo nimeyasikia kwenye kila kijiwe cha bodaboda, na nayapinga kwa moyo wote. Kwenye injini ya cc 150 bomba wazi halikuongezei nguvu ya kupanda mlima wala ya kubeba mzigo. Mara nyingi linakupunguzia, kwa sababu kabureta ilipangwa kwa ekzosi ya kiwandani. Ukifungua njia ya moshi ghafla, hewa inazidi mafuta na injini inachemka kuliko kawaida. Unachoongezewa ni sauti, na sauti inamfanya mpanda pikipiki ahisi anakwenda kasi.

Afadhali tuelewe kwanza ndani mna nini. Injini ya aina hii inatoa moshi mara moja kila inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mipigo 50 kila sekunde. Ekzosi ya kiwandani ina vyumba vilivyotengwa kwa bati. Moshi unaingia huku, unageuka, unatokea kule, na mawimbi ya sauti yanagongana na kupungukiwa nguvu. Sailensa za kubandika kama hii yangu zinafanya kazi kwa njia nyingine. Katikati kuna bomba lililotobolewa matundu mengi, nje kuna ganda, na nafasi iliyo kati yao imejazwa pamba ya faiba, yaani nyuzi za kioo. Moshi unapita moja kwa moja, sauti inapenya kwenye matundu, inapotelea ndani ya nyuzi na kugeuka joto kidogo. Pamba ikiwa nzima, sailensa inatulia. Pamba ikiungua, ikapeperuka nyuzi moja moja kwa miezi, linabaki ganda na bomba. Ndiyo maana nasema kelele kali kwenye sailensa hizi ni dalili ya ugonjwa, na dalili inatafutiwa chanzo.

Yangu nilipoigonga kwa kifundo cha kidole ikiwa ya baridi, ililia kama debe tupu. Palikuwa na doa la bluu upande wa chini, pale ambapo pamba ilikuwa imeisha na joto linapiga ganda moja kwa moja. Kwenye mdomo wa nyuma palikuwa na vinyuzi vyeusi. Ukiona dalili hizo kwenye ya kwako, usipoteze hela kwa kitu kingine chochote kabla hujaifungua.

Kuifungua ni kazi ya mchana mmoja wa mapumziko. Mfuniko wa nyuma umeshikwa kwa ribiti. Weka alama ya msumari kwenye ganda na kwenye mfuniko ili ujue virudi vilivyokuwa, kisha toboa vichwa vya ribiti kwa drili ya milimita 5, taratibu, bila kupanua tundu. Usiupige mfuniko kwa nyundo ya chuma. Weka kipande cha mbao, gonga huku na huku mpaka ulegee. Kabla hujachomoa kilichomo, nyunyizia maji. Pamba iliyoungua inakuwa vumbi la vioo, na nawaambia kama mtu wa afya: vaa barakoa, glavu na shati la mikono mirefu, na watoto wakae mbali. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Bomba la ndani nililiona limezibwa masizi karibu theluthi ya matundu yake. Nililisugua kwa brashi ya waya mpaka matundu yote yakawa wazi, maana tundu lililozibwa halipitishi sauti kwenda kwenye pamba. Halafu ndiyo ukaja mjadala wa pamba. Fundi alikuwa na stilwaya za kusugulia sufuria, akasema watu wengi wanajazia hizo. Stilwaya za kawaida zinashika kutu na kuungua. Baada ya muda mfupi umerudi palepale na vumbi la chuma limejaa ndani. Sponji na pamba ya godoro hata zisitajwe. Ile faiba ya kuzuia joto kwenye dari za nyumba nayo ina gundi inayoungua haraka, ikiungua nyuzi zinalegea na kupulizwa nje. Nikaagiza Dar pamba yenyewe ya sailensa, ya nyuzi ndefu, ikaletwa na basi. Chini yake nilitanguliza safu nyembamba ya nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kuzunguka matundu, ili moto wa moshi usiipige faiba moja kwa moja. Hiyo safu ndiyo inayoipa pamba maisha.

Kuna kipimo cha mkono hapa, na sijui namna ya kukiandika zaidi ya kukieleza. Pamba ikishindiliwa sana, sauti inagota kama imegonga ukuta, haiingii. Ikilegezwa sana, moshi unaitikisa mpaka inakatika. Mimi naviringisha mpaka furushi linaingia kwenye ganda kwa kusukumwa na viganja viwili, bila goti. Nalifunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi lisifumuke njiani; karatasi itaungua yenyewe siku ya kwanza. Ukingoni mwa mfuniko napaka silikoni nyekundu ya joto kali, nyembamba tu, kisha ribiti mpya za chuma kisichoshika kutu za milimita 4.8. Ribiti za alumini zinashika, lakini kwa chumvi ya pwani hii sizipendi. Usiku mzima ikauke. Ukiiwasha mara ya kwanza itatoa moshi na harufu ya kuungua kwa dakika kadhaa, usiogope.

Pamba inaondoa ule ukali unaokwaruza masikio. Mvumo mzito wa chini haiuwezi vizuri, kwa sababu mawimbi ya sauti nzito ni marefu na unene wa pamba ni vidole viwili. Hapo ndipo kinapohitajika kizibo, kile kibomba chembamba kinachochomekwa kwenye mdomo wa nyuma na kukazwa kwa bolti moja. Vijana wakinunua sailensa, kitu cha kwanza wanachotupa ni hicho. Nilikiokota kijiweni kwa bei ya soda. Bolti yake ipake grisi ya shaba, la sivyo itashikana na siku ya kuitoa utaikata kwa msumeno.

Kabla na baada nilipima kelele kwa programu ya simu. Simu si kifaa cha maabara, ila ukiishika palepale kila mara inakuonyesha tofauti vizuri. Mimi naiweka nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, kimo kilekile cha mdomo, kama wanavyofanya wapimaji wa magari. Tofauti yangu ilikuwa karibu desibeli 9. Kwa masikio ya binadamu, desibeli 10 ni kama sauti kupungua nusu. Na kwa vijana wanaoshinda barabarani kutwa nzima: desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mpaka unaotumika kulinda masikio kazini, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Kwa 88 una saa nne, kwa 91 una mbili. Uziwi wa namna hii hauponi. Unaanza na mlio masikioni usiku, mtu anadhani ni uchovu.

Baada ya hayo ikabaki milio ya pa-pa-pa nikiachia mafuta, hasa kwenye mteremko wa kutoka Lushoto kushuka Mombo, ambapo injini ndiyo inashika breki. Wengine wanaipenda. Mimi nikajua panavuja. Ukifunga mafuta, ekzosi inavuta hewa ya nje kupitia upenyo wowote, hewa inakutana na mafuta ambayo hayakuungua, yanalipukia ndani ya bomba. Kuutafuta upenyo ni rahisi: injini ikiwa ya baridi, iwashe, ziba mdomo wa nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, na mwenzako apake maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yatakuonyesha. Kwangu yalitokea kwenye kichwa cha silinda, pale bomba linapoungana na injini: gasketi ya shaba, ile pete ya kuziba ungio, ilikuwa imekakamaa. Weka mpya kila unapofungua. Usipoipata, ichome ya zamani mpaka iwe nyekundu kisha itumbukize kwenye maji. Shaba inalainika tena na inaziba.

Mpangilio wa kukaza una maana kubwa kuliko nguvu. Shika nati zote kwa vidole kwanza, kuanzia kichwani mwa silinda hadi mkanda wa nyuma. Kisha kaza za kichwani kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, halafu klempu, na mkanda uwe wa mwisho. Ukianza na mkanda, bomba linabaki limejivuta, na mtikisiko utalipasua pale palipochomelewa. Mpira wa kwenye mkanda ukichakaa, badilisha. Nyufa nyingi ninazoonyeshwa zinaanzia kwenye mpira uliokufa.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Safari ndefu inaukausha. Safari fupi, ya nyumbani hadi kazini na kurudi, inauacha ugeuke maji ndani ya sailensa, na kutu inakula kutoka ndani huku nje panang'aa. Sailensa nyingi zina kitobo kidogo sehemu ya chini kabisa cha kutolea maji hayo. Chunguza cha kwako: cha kwangu kilikuwa kimechomelewa, mtu akidhani ni tundu la kuvuja. Nikakifungua kwa drili ya milimita 2. Siku ya mapumziko naipeleka hadi Muheza na kurudi ipate joto la kutosha. Nikitoka ufukweni Raskazone naiosha kwa maji baridi ikishapoa, na mdomo wa nyuma nauziba kwa kitambaa, kwa sababu vijana wa kuosha wanaelekeza mpira wa maji ndani na pamba inanywa yote. Kitambaa kikitoka, ndipo funguo ziingie.

Mwisho chomoa plagi uitazame. Kaure yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mafuta na hewa vinakwenda sawa. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi, mwone fundi aongeze jeti, kile kitobo cha kabureta kinachopitisha mafuta. Nyeusi yenye masizi, kinyume chake. Yangu ilikuwa nyeupe kabla ya pamba na kizibo, sasa ni kahawia bila kugusa jeti, na kilomita kwa lita zimepanda.

Mvumo wa chini bado upo kidogo ninapokuwa gia ya nne polepole. Fundi amekubali tujaribu kuchomelea chumba kidogo cha bati kwenye lile bomba la katikati, mbele ya klempu, kabla ya mvua za masika. Nikipima tena nitaweka namba hapa.